Fromaji ya Arobaini na Moja

Jumatatu, tarehe 9 Februari

Kuna jambo. Nimelinusa tangu asubuhi. Damien amenisalimia kwa mikono miwili.

Damien ni mwenyekiti wa komiti ya soko letu. Miaka sita hajawahi kunipa zaidi ya vidole vitatu. Leo mikono miwili, na swali juu yake: Papa Magloire, umelala vizuri? Mtu akikuuliza umelalaje, ujue kuna kitu alichofanya ulipokuwa umelala.

Saa nne nikapata habari. Komiti na shefu wa lokalite, chifu wetu, wamekubaliana kwamba sehemu ya taxe, ushuru wa soko wa mwaka huu, itatengeneza sanamu. Sanamu! Ya mtu, ya sima, yaani saruji, ya kusimama pale njia panda. Si mlango wa choo cha soko, ulioanguka tangu Pasaka. Sasa tunakwenda chooni wawili wawili, mmoja akimaliza shida yake, mwenzake akisimama badala ya mlango. Hiyo hawakuiona. Wameona sanamu.

Nikauliza ni sanamu ya nani. Damien akasema itajulikana siku ya kuifunua. Nikauliza itasimama wapi hasa. Akaonyesha kwa kidevu. Kidevu kikaelekea mezani kwangu.

Meza yangu! Niandike wazi, kama karatasi hizi zitasomwa siku moja na wajukuu au na hakimu. Mimi ni Magloire Dusabimana, mtengenezaji wa fromaji, jibini kama wanavyosema wenye kamusi. Meza ya njia panda aliniachia mama yangu, Mukandori, aliyeuza maziwa pale miaka thelathini. Mwaka tuliokimbia vita, Mama alifia mbali na kilima chake. Nilichelewa kufika. Wengine walimwosha, wengine walimzika, katika mchanga mweusi wa watu tusiowajua, na sijui kama msalaba bado upo. Kwa hiyo kaburi lake sina. Nina meza yake.

Hawanitoi pale. Waje na sima, waje na shefu, waje na bendera.

Jumanne, tarehe 10 Februari

Picha ya Mama imetoweka ukutani!

Ni ile moja iliyobaki, ya studio ya Goma, alipokuwa bado msichana mwembamba anayeiogopa kamera. Msumari upo. Picha haipo. Nikamwuliza mke wangu, Muhawenimana. Akasema kioo kilipasuka, ameipeleka itengenezwe. Nikauliza kwa nani. Akasema maharage yanaungua. Nikaenda jikoni kuangalia: sufuria haikuwa hata motoni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwandika katika orodha ya washukiwa, chini ya Damien. Lakini yeye kwa penseli.

Mchana akaja mgeni. Msichana mwenye suruali iliyojaa madoa meupe, jina lake Noëlla, watu wake ni wa upande wa Kibua. Njo mimi, mimi ndiye mwenye kutengeneza sanamu, akasema, bila hata aibu. Amesomea kazi hiyo Kinshasa. Alinieleza kwa upole kwamba kichwa huanza kwa udongo wa mfinyanzi, halafu kinatiwa kalibu ya plastre, unga mweupe unaoganda, halafu ndipo sima. Udongo ukikauka haraka unapasuka. Unataka mahali baridi, penye unyevu, pasipo jua wala upepo, kwa muda wa siku kumi na mbili hivi, mpaka plastre ifike kutoka Goma. Na senta nzima, mji wetu mdogo huu, wamemwambia hapa kuna mahali pamoja tu pa namna hiyo: chumba changu cha fromaji.

Oo! Adui anaomba kulala nyumbani kwangu!

Nilitaka kumfukuza. Kisha nikawaza: anayemfunga mfungwa ndiye mwenye ufunguo. Nikakubali, nikataka kitu kimoja tu, nione uso. Akakataa. Komiti imeamua mtu asiuone, na mimi hasa nisiuone. Mimi hasa! Alisema hivyo kwa mdomo wake. Akaniapisha kwa rozari ya mke wangu kwamba sitafungua vitambaa.

Nimeapa kutofungua. Kugusa sikuapa.

Jumatano, tarehe 11 Februari

Kichwa kimefika. Kimefungwa vitambaa vilivyoloweshwa, kimekaa juu ya ubao, ukubwa wake kama fromaji mbili zilizopandana. Noëlla amekiweka pembeni karibu na dirisha na kukifunika ndoo. Maagizo: nyunyizia maji asubuhi na jioni, hapana kugusa. Alisema hapana kugusa mara tatu. Mwenye moyo safi husema mara moja.

Alipoondoka nikafikiri. Dirisha! Damien ana mkono mrefu. Anaweza kuingiza mkono, akabadilisha kichwa, kisha aseme ni mimi. Basi nimefanya jambo la akili, sijui kama kuna mtu mwingine hapa angelifikiria. Mtu anayeficha maharage huyaficha ndani ya maharage. Nimekitoa kichwa kwenye ubao, nikakizungushia kitambaa cha fromaji juu ya vitambaa vyake, nikakilaza chali kwenye rafu ya tatu, kati ya fromaji changa ambazo bado ziko ndani ya nguo zao. Hakuna jicho litakalokitambua. Chini ya ndoo nimeweka kabichi.

Kabla ya kutoka nikagusa. Juu ya kitambaa, kidogo tu, katikati ya uso.

Pua ndefu. Nyembamba. Imenyooka.

Katika senta hii yote pua ya namna hiyo ni moja, na imeota katika uso wa Damien!

Alhamisi, tarehe 12 Februari

Sasa yote yanaeleweka. Mwenyekiti wa komiti anachukua taxe yetu, anajitengenezea uso wa sima, anausimamisha juu ya meza ya mama yangu. Hata wafalme wa zamani walisubiri kwanza wafe.

Lakini kuna ajabu nyingine. Kila siku saa kumi na moja alfajiri naingia chumba cha fromaji bila taa, kwa sababu taa inapasha chumba joto. Nafanya kama Mama alivyonifundisha: shika, geuza, paka maji ya chumvi, nenda kwa nyingine. Miaka ishirini sasa. Mikono inafanya kazi, mimi mwenyewe bado nalala, nimesimama tu.

Leo mikono imehesabu arobaini na moja.

Jana zilikuwa arobaini! Sikutengeneza mpya. Nani ameingiza fromaji katika chumba changu? Mwizi anaondoa, huyu ameongeza. Kwa nini mtu aongeze? Jibu nimelipata wakati wa chai: ili kesho aseme nimemwibia. Nimeandika: fromaji ya arobaini na moja, Damien.

Ijumaa, tarehe 13 Februari

Leo nimepita sokoni kupanda mbegu. Niliwanong'oneza watu kumi na wawili, kila mmoja peke yake, kwamba ni siri. Kufikia saa sita siri yangu ilinirudia kutoka kwa muuza mafuta, imenenepa njiani: ati Damien atasimamishwa akiwa amepanda farasi.

Mama Céline tu, muuza maharage, hakushtuka. Nilimwambia fikiria mlango wa choo. Akaendelea kuchambua maharage yake. Akasema: "Kyoo tutajenga siye benyewe, na salongo, kazi ya bure ya bote. Lakini nani hapa ataamuka asubui aseme, twende salongo ya kutengeneza sura ya muntu? Hiyo kama haiko pesa ya bote, haifanyikake."

Nikasema sura haitulishi. Akasema tangu vita kila kitu hapa watu wanakiangusha, au wanakijenga upya kama kilivyokuwa, hakuna kinachosimamishwa kwa mara ya kwanza. Yeye anataka akione kimoja kabla hajafa.

Nikanunua maharage. Akaniongezea konzi mbili za bure na kuniangalia kwa huruma. Kwa nini huruma? Ameingia kwenye orodha.

Jumapili, tarehe 15 Februari

Nimerudi kutoka Ntoto. Matope mpaka kiunoni. Mgongo si wangu tena.

Sababu ya safari: nilisikia kwamba Noëlla aliwahi kutengeneza sanamu kule. Nikasema, nitakusanya malalamiko. Jana nikageuza fromaji zangu, nikafunga chumba kwa kufuli mbili, nikapanda pikipiki. Mahali pengine pikipiki ilitubeba, mahali pengine sisi tuliibeba.

Sanamu ipo kando ya njia: mbeba mizigo wa sima, amejipinda, kamba ya mzigo imemkaza paji la uso. Nikawauliza watu kumi na saba kama wamedhulumiwa. Kumi na sita walisema hapana. Wanawake wanauza ndizi kivulini mwake. Wageni wakipotea wanaambiwa, anzia kwa Mubebaji. Lakini wa kumi na saba, mzee mwenye baa, akaniambia ukweli: zamani watu walisema tuonane baa, sasa wanasema tuonane kwa Mubebaji, na wakishaonana wanarudi nyumbani na pesa yao. Nimeandika kwa herufi kubwa: SANAMU INAUA BIASHARA. Lalamiko moja tu, lakini la uzito.

Nilipokuwa naandika, akapita mbeba mizigo mwenyewe, mzee, gunia la chikichi mgongoni. Alipomfikia yule wa sima akampiga bega kidogo, kama mtu anayemsalimu mwenzake wa kazi, akaenda zake. Hilo sikuliweka katika ripoti.

Jumatatu, tarehe 16 Februari

Nimegeuza, nimepaka chumvi. Bado arobaini na moja. Halafu mchana nikaenda kugusa pua tena, ili kuhakikisha.

Pua imepungua!

Naapa kwa maziwa niliyonyonya. Jumatano ilikuwa ndefu, leo ni fupi, tena imetanuka. Nani amefanya hivyo? Damien amesikia minong'ono yangu, ameogopa, anaingia chumbani mwangu kufuta ushahidi pole pole, pua kidogo kila siku, nisitambue. Kufuli mbili na bado anaingia. Huyo si mtu wa kawaida.

Nimemwaga majivu sakafuni, kutoka mlangoni mpaka rafu ya mwisho. Atakanyaga.

Jumanne, tarehe 17 Februari

Amekanyaga!

Niliziona saa mbili, jua lilipoingia dirishani. Nyayo kubwa, za bota, kisigino cha kulia kimelika. Zimetoka mlangoni, zimepita rafu zote moja moja, zimesimama muda mrefu mbele ya rafu ya tatu, zimerudi. Nikaweka mguu wangu kando ya unyayo kupima.

Sawa sawa. Hata kisigino.

Kwa hiyo Damien amenunua bota kama zangu na kuzisugua kisigino ili nidhaniwe mimi. Ujanja wa kiwango hicho sijawahi kuuona. Nikaenda sokoni kumtazama miguu. Amevaa kandambili. Bila shaka! Mchana.

Nilipomweleza mke wangu, alitoka nje haraka, nikamsikia akicheka nyuma ya jikoni. Jina lake nimelipitishia wino.

Jumatano, tarehe 18 Februari

Noëlla alikuja kutazama kichwa chake. Nilimzuia mlangoni. Nikasema fromaji zimepata homa, hazitaki upepo wa watu. Akauliza kama udongo unapata maji. Nikasema unapata, asubuhi na jioni. Akachungulia dirishani, akaona ndoo yake pale pale, akaridhika. Akanishukuru. Akanipa nusu ya andazi lake, akasema kazi hii ni ya kwanza kubwa aliyopewa karibu na kwao, na akiharibu hawatamwita msichana mwingine tena.

Andazi nililiweka mfukoni. Si yeye ninayempiga vita, ni Damien. Niliwaza hata kurudisha kichwa chini ya ndoo. Lakini mlinzi hahamishi kitu katikati ya vita.

Kabichi imeanza kunuka.

Ijumaa, tarehe 20 Februari

Jana nilimwandikia shefu barua isiyo na jina. Nilimweleza yote: pesa ya umma, uso wa Damien, pua inayopungua, majivu, bota, ushahidi wa Ntoto. Sahihi: Mwananchi Mwenye Uchungu.

Leo shefu amenijibu. Barua yake inaanza: Papa Magloire. Nimejulikanaje? Kuna mpelelezi posta, ingawa hapa hatuna posta. Mke wangu anasema niliandika kwenye karatasi ya kufungia fromaji. Hiyo inaweza kuwa njia moja.

Lakini tazama ushindi! Shefu anasema ana haki huyo mwananchi, pesa ni ya wote, basi wote waone. Jumapili baada ya misa kichwa kitafunuliwa njia panda kabla hakijatiwa sima. Asiyeitaka sanamu aseme pale pale, kisha watu watanyoosha mikono. Wakikataa, pesa inakwenda kwenye choo.

Nimeanza kuandaa hotuba. Nitaanza na choo, nitamalizia na Mama.

Jumapili, tarehe 22 Februari

Niandike yote kwa utaratibu.

Watu walitoka misa wakaja wote, mpaka wa vilima vya Nyamitaba na ng'ombe wao. Nikapanda juu ya kiti, kando ya meza yangu. Nilisema vizuri, hata adui angekubali. Niliposema choo walipiga makofi. Niliposema ukifunua utaona pua ya mwenyekiti wetu, wote walimgeukia Damien. Yeye akatazama chini. Nikajua nimeshinda.

Noëlla akaja na wanaume wawili wamebeba ubao na ndoo. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikafungua mdomo, lakini ndoo ilikuwa imeshainuka.

Kabichi. Siku kumi na moja katika unyevu. Harufu ilifika mpaka kwa ng'ombe. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti: kweli inafanana na Papa Magloire.

Nikaeleza kwamba ni hatua ya usalama. Nikakimbia nyumbani. Rafu ya tatu, gizani, nikapapasa: hii mviringo, hii mviringo, hii mviringo, hii hapana. Nikaishika. Na kabla sijafikiri lolote, viganja vyangu vikaigeuza.

Vikaigeuza vyenyewe.

Sikutaka kuendelea kuwaza. Nikabeba, nikapeleka, nikaweka juu ya meza. Kitambaa cha juu kilikuwa kigumu kwa chumvi. Noëlla akakifungua, kisha cha pili, kisha cha tatu, kisha akashika mdomo wake kwa mikono miwili. Akasema polepole: "Papa Magloire, umekifanyia nini?"

Pua ilikuwa imelala. Mashavu yamesukumwa kando. Nyuzi za kitambaa zilikuwa zimechora mistari myembamba pembeni mwa macho, na juu ya paji kulikuwa na chumvi. Nikatazama.

Mama.

Siyo Mama wa picha, yule msichana mwenye pua nyembamba. Mama wa meza. Mama wa miaka ya mwisho, mpana, amechoka, anakutazama kama uliyesahau kurudisha chupa ya maziwa.

Mama Céline akasogea mpaka karibu. Akainama. Akasema: "Njo yeye. Ile nilionaka kwa Noëlla mbele ilikuwa ya foto, nikanyamaza kwa heshima. Hii njo Mukandori." Wanawake wa soko wakaanza kuja mmoja mmoja. Mmoja akamsalimu, jambo Mama. Mwingine akampangusa chumvi kwa ncha ya kitenge.

Nililia. Mbele ya senta nzima na ng'ombe. Nimeandika, na sitafuta.

Ndipo Damien akasema. Alisema kwa kifupi, akiwa ameshika kofia. Mwaka tuliokimbia, Mama alimkuta barabarani na watoto watatu waliokuwa hawana hata nguvu ya kulia. Mama alikuwa na bidoni moja ya maziwa aliyotaka kuuza ili apate chakula. Akawapa yote, akaendelea kutembea na bidoni tupu. Damien ndiye aliyeleta jina lake katika komiti. Yeye ndiye aliyeomba watu wote wanifiche habari hii, ili siku ya kufunuliwa nifurahi. Mke wangu ndiye aliyetoa picha. Na meza haiendi popote. Sanamu itasimama nyuma ya meza, kama mtu anayeuza.

Wakanyoosha mikono. Yote. Nikaona na wangu uko juu.

Mlango wa choo utafanyiwa salongo Alhamisi.

Jumatatu, tarehe 23 Februari

Saa kumi na moja. Nimegeuza. Arobaini.

Ile ya arobaini na moja imeondoka! Nilimwambia mke wangu. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema: "Weye njo uligeuza Mama yako kila asubui, ukamupaka na chumvi. Ile nyayo ilikuwa yako. Ile pua, ni weye."

Nimekataa. Halafu nimekaa peke yangu na kufikiri, na inawezekana.

Basi kama ni hivyo, asubuhi kumi nilimshika Mama kichwa na kumwosha uso. Alipokufa sikuipata kazi hiyo. Nimeipata gizani bila kujua, na nimeifanya vizuri, bila haraka, jinsi alivyonifundisha. Hili naliandika mara moja tu, na sitaki mtu aniulize.

Lakini swali linabaki. Nani alikuwa wa kwanza kumwambia Noëlla kwamba chumba changu kinafaa?

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Sanamu imesimama wiki moja sasa. Noëlla hakurekebisha pua. Alisema mkono uliofanya hivi ulimjua huyu mama kuliko picha. Vizuri sana! Basi nikainama kusoma kibao cha chini. Kimeandikwa: Mukandori, aliyetoa maziwa. Na kando: Noëlla. Basi!

Na aliyetengeneza pua? Aliyechora mistari ya macho? Nimemwandikia shefu, safari hii kwenye karatasi safi, kwa mkono wa kushoto. Nimedai jina langu liongezwe. Tena nimependekeza taxe ya mwaka ujao itengeneze sanamu ya pili, upande wa pili wa njia panda: mtengenezaji wa fromaji, aliye hai, anayefahamika. Pesa ya umma ikose sanaa, watu watakuwaje? Wanaotaja choo kila saa hawana utamaduni. Choo chenyewe kimeshapata mlango. Salongo sikwenda, nilikuwa na uchunguzi.

Uchunguzi wenyewe ni Damien. Kila asubuhi kabla soko halijafunguka anasimama mbele ya Mama, anavua kofia, anakaa kimya dakika tatu, nne. Haombi kitu. Hanunui kitu. Anamwambia siku njema, anakwenda. Mtu asiyetaka kitu, anakuja kila siku kutafuta nini?

Nisichelewe na mambo yangu. Jana nimeleta udongo kutoka mtoni, nimechonga uso wangu mwenyewe, ili shefu akikubali uwe tayari. Umependeza. Nimeuzungushia vitambaa na kuuficha mahali ambapo Damien hataufikiria kamwe.

Na leo alfajiri nimegeuza fromaji zangu. Arobaini na moja!

Nilijua tu ataanza tena. Nimemwandika kwa wino.